Risala ya mafundi na walimu wa Garissa kuhusu lebo ya "mtindo wa Kisomali"

Kwa wakuu wa makumbusho na wahifadhi wa mikusanyo, wahadhiri wa historia ya sanaa, wahariri wa vitabu vya shule na watayarishaji wa katalogi za maonyesho, walio Kenya na walio ng'ambo.



Tunaoleta risala hii ni wasukaji wa mikeka na vyombo vya maziwa, mafundi wa mbao na ngozi, na walimu wa sanaa kutoka Garissa mjini, Balambala, Fafi na Ijara, pamoja na wenzetu wachache wa Wajir na Mandera waliotuunga mkono. Wengi wetu ni kina mama. Baadhi yetu hawakupata kusoma, kwa hiyo maneno haya yalisemwa kwanza kwa Kisomali, Kiborana na Kimunyoyaya, yakabishaniwa mchana kutwa, ndipo yakaandikwa kwa Kiswahili ili kila ofisi ya nchi hii iyasome bila mkalimani. Mkikuta ukali mahali, jueni ulikuwa mkubwa zaidi kabla katibu hajashika kalamu.

Malalamiko yetu ni juu ya kitu ambacho wengine watakiona kidogo: ile lebo inayobandikwa chini ya kazi zetu. Husema "Mkeka, mtindo wa Kisomali, karne ya 20". Au "Chombo cha maziwa, Somalia". Mwandishi akijiona mkarimu huongeza kuwa ni sanaa ya wafugaji wa kuhamahama. Basi, yamekwisha. Fundi hatajwi, mahali hapatajwi, na mwaka umekuwa karne nzima.

Acheni tuwaeleze lebo hiyo inavyofanya kazi. Alikuja hapa mnunuzi wa vitu vya maonyesho. Taasisi yake hatutaitaja, maana tabia hii si yake peke yake. Akatandikiwa herio kadhaa achague. Kwa asiyejua, herio ni mkeka mzito wa nyuzi za gome la mgunga. Gome huchunwa, ganda la ndani likatolewa, likapondwa na kutafunwa mpaka lilegee, kisha likasokotwa juu ya paja. Familia ikihama, herio hukunjwa mgongoni mwa ngamia ikawa tandiko la kubebea mzigo. Ikifika, hupandishwa juu ya miti iliyopindwa ikawa ukuta na paa la nyumba yetu, aqal.

Katika herio moja, msukaji alikuwa ameingiza nyuzi za kijani na za samawati alizozifumua kwenye magunia ya mahindi ya msaada. Hakuzitia ovyo. Zilikaa katika mistari mitatu karibu na ukingo, na mstari wa kati ulikatika pale ambapo mlango wa nyumba huanzia. Uzi wa gunia huteleza chini ya kidole, wa gome hukwaruza, kwa hiyo mtu anayejenga usiku hahitaji tochi ili aujue upande wa mlango. Mnunuzi aliigeuzageuza, akaipiga picha, akaisifu, kisha akaiweka kando. Si mtindo halisi, alisema, ina plastiki. Akachukua nyingine ya mama yuleyule, isiyo na rangi, iliyosukwa harakaharaka kwa ajili ya kulazia vibuzi. Hiyo ndiyo iliyosafiri kwenda kuuwakilisha mtindo wa Kisomali mbele ya dunia.

Mama mwenyewe alicheka, akachukua pesa yake. Sisi walimu ndio tuliokosa usingizi.

Mafundi wenzetu walituuliza neno hili "mtindo" lina asili gani hata likawa na amri juu ya mikono yao, na tuliona wanastahili jibu. Mwaka 1915, Heinrich Wölfflin, msomi wa Uswisi, alitoa kitabu kilichowafundisha watu kutazama umbo bila kumtazama aliyelifanya: mstari, uzito, kina, mwanga. Alitamani historia ya sanaa isiyo na majina ya wasanii. Kwake hayo yalikuwa rahisi, kwa sababu majina tayari yalikuwa kabatini. Ukichoka kuongea juu ya mtindo wa Baroko unarudi kwa Rembrandt, unajua alizaliwa wapi na alifilisika mwaka gani. Utaratibu huo ulipoletwa Afrika, hapakuwa na jina la kurudia, kwa kuwa waliokusanya vitu hawakuuliza. Mahali pa msanii likatiwa kabila. William Fagg, aliyesimamia mikusanyo ya ethnografia katika British Museum, aliufikisha mtazamo huo kileleni katika kitabu chake cha 1965 kuhusu makabila na maumbo ya sanaa ya Kiafrika. Kwake kila kabila lilikuwa ulimwengu wake, lenye mtindo wake.

Kenya tulifundishwa hivyo kwa picha hata kabla ya vitabu. Joy Adamson, ambaye mumewe alikuwa afisa wa wanyamapori huku Kaskazini, alipewa na serikali ya kikoloni kazi ya kuwachora watu wa nchi hii. Akachora mamia ya picha, na mwaka 1967 kikatoka kitabu chake, The Peoples of Kenya. Hatumkosei adabu marehemu. Mkono wake ulikuwa hodari, na shanga alizichora moja moja. Lakini mpango wa kazi yenyewe ulikuwa kabila kwa kabila, na mtu mmoja aliyekaa kitini akabebeshwa watu wake wote. Watoto waliokua wakizitazama picha hizo ndio wahifadhi na wahariri wa leo.

Kinachotuuma zaidi ni kwamba wasomi wenyewe walikwisha kuipinga hesabu hii. René Bravmann, mwaka 1973, katika Open Frontiers, alionyesha kuwa maumbo ya sanaa huvuka mipaka ya makabila pamoja na biashara, dini na watu wanaohama. Sidney Kasfir, ambaye baadaye aliandika juu ya mafundi na mikuki ya Wasamburu, aliuliza waziwazi mwaka 1984, katika kichwa cha makala yake, kama ni kweli kabila moja lina mtindo mmoja. Akaonyesha kuwa kabila lenyewe, kama kisanduku kilichofungwa, mara nyingi lilitengenezwa na utawala wa kikoloni, kisha mtaalamu wa sanaa akaja kukijaza kisanduku hicho vinyago. Miaka 40 imepita. Hoja ilishinda katika majarida, ikashindwa stoo, ambako lebo huandikwa.

Na msituambie kwamba hapakuwa na njia nyingine. Ilikuwepo, tena kwa majirani zetu wa mashariki ya Kongo. Frans Olbrechts, Mbelgiji, alitazama viti na sanamu zilizoitwa tu za Waluba, akaona baadhi zina nyuso ndefu za namna moja. Katika kitabu chake cha 1946 alizikusanya chini ya jina la kijiji, Buli. Toka hapo wasomi wakaanza kubishana kama ni mkono mmoja au miwili, bwana na mwanafunzi wake au ndugu wa karakana moja, na baadaye likatajwa jina la mtu, Ngongo ya Chintu. Mabishano ya namna hiyo tunayatamani. Hakuna anayebishana juu ya mkono uliosuka chombo cha maziwa cha Garissa, maana lebo ya kabila ilishajibu kila swali kabla halijaulizwa.

Sasa tunaomba mvumilie siasa kidogo. Sehemu hii ya nchi iliitwa Northern Frontier District, ikafungwa na wakoloni mtu asiingie wala kutoka bila kibali. Uhuru ulipokuja, ukaja na vita vya Shifta, vya waliotaka eneo hili lijiunge na Somalia, na hali ya hatari iliyotangazwa mwishoni mwa 1963 haikuondolewa mpaka 1991. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walipigwa msasa kama wageni, wakapewa kadi ya waridi ya kuthibitisha kuwa nchi hii ni yao. Kuna watu katika kundi letu ambao bado wana kadi hizo kwenye masanduku. Mtu wa namna hiyo akiona chombo kilichosukwa Balambala na mama yake kimewekwa lebo "Somalia", hawezi kukubali kuwa ni kosa dogo la mpiga chapa. Kwenye vitabu vya sanaa ya Kenya msomaji huongozwa kwenye milango ya Lamu, vinyago vya Wakamba, mawe ya sabuni ya Kisii na shanga za Wamaasai, kisha kitabu kinaisha. Sisi tumewekwa katika kitabu cha nchi nyingine.

Hili lina madhara yanayohesabika. Katika miaka ya karibuni, Mpango wa Kimataifa wa Orodha, uliowakutanisha Makumbusho ya Taifa ya Kenya, makumbusho mawili ya Ujerumani na wasanii, uliorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyo katika taasisi 30 za ng'ambo. Kazi ile tunaiheshimu. Lakini kitu kilichochukuliwa Wajir kikaandikwa "Somalia" hakiwezi kuonekana katika orodha ya Kenya, na hakitadaiwa na mtu. Majirani zetu Wapokomo, wanaoidai ngadji, ngoma yao iliyochukuliwa mwaka 1902, angalau wanajua kuwa iko British Museum na inaitwaje. Sisi hatujui tuanze kuuliza kwa neno gani.

Tuje kwenye kitu chenyewe, maana hatutaki kubishana hewani.

Dhiil ni chombo cha maziwa. Nyuzi za mizizi husukwa kwa kuzungushwa, pindo juu ya pindo, kila pindo likifungwa kwenye lililotangulia kwa msharasi, na kubana kwake ni kwa namna ambayo maziwa hayavuji. Chini huwa nene, shingo hupungua, na kifuniko huketi juu kikawa kikombe cha kunywea. Mikanda ya ngozi hukishika mbavuni ili kitundikwe nyumbani au kwenye mzigo wa ngamia. Ndani hufukizwa kwa vijinga vya miti inayochaguliwa kwa harufu, mpaka paoneke peusi na maziwa yapate ladha ya moshi. Anayejua akinusa tu humwambia mwenzake mti uliotumika, na kwa mti atakisia upande waliotoka. Msukaji mzoefu huitambua kazi ya mwenzake kwa jinsi alivyoanzia kitako na alivyomalizia ukingo, kama mwalimu anavyoujua mwandiko wa mwanafunzi wake. Katika lebo zote tulizowahi kuziona, hakuna iliyotaja kitako wala mti wa kufukizia.

Sasa wekeni dhiil hiyo kando ya gorfa ya Waborana wa Wajir. Wekeni na chombo cha Warendille. Tuliwahi kufanya hivyo sisi wenyewe, tukawaita kina mama wa pande zote wavipange kwa kabila. Walivipanga kwanza kwa nyuzi, kisha kwa ukubwa wa mnyama anayebeba, kisha kwa kazi: maziwa ya kugandisha, maziwa ya safari, siagi. Kabila lilikuja mwisho, na hapo ndipo walipokosana. Chombo kimoja kilidaiwa na pande mbili, na zote zilikuwa na haki, kwa sababu aliyekisuka aliolewa kwingine. Ndiyo hali ya huku. Wagarre wa Mandera wengi huongea Kiborana pamoja na lugha yao. Waajuran wa Wajir wamo wanaoongea Kisomali na wamo wa Kiborana. Kandokando ya Tana, hapahapa mjini, Wamunyoyaya na Wamalakote wanalima na kuvua karibu na malisho ya Wasomali na Waorma, na mkoma unaotoa miyaa ya mikeka ni mmoja kwa wote. Kusini, Ijara, tunapakana msitu mmoja na Waaweer. Mwambie mtu wa Hulugho akuonyeshe mahali mtindo mmoja unapokwishia na mwingine unapoanzia.

Nyumba ndiyo shahidi mkubwa kuliko vyote. Labelle Prussin, katika kitabu cha 1995 kuhusu usanifu wa wahamaji wa Afrika, aliziweka pamoja nyumba za Wagabra, Warendille na Wasomali akaonyesha undugu wao: miti ya kupinda, mikeka, mnyama wa kubeba, na ndoa kama wakati wa kujenga. Alisema pia jambo ambalo bibi zetu hawakuhitaji kusomewa, kwamba wajenzi ni wanawake. Kabla ya hapo, wasafiri na maofisa wengi waliandika juu ya kibanda cha Msomali, mwanamume, aliyekikuta kimejengwa tayari akakaa ndani kunywa chai. Lebo ya kabila ina ubaya huu pia, kwamba inamficha mwanamke nyuma ya jina la ukoo wa mumewe.

Lebo ya pili ni ile ya dini. Loho za mbao za madrasa zetu, vyetezo, vifuniko vya misahafu, vyote hutupwa katika kapu la sanaa ya Kiislamu, na hapo huonekana vimechoka, kwa sababu vinapimwa na vigae vya Isfahan na hati za Istanbul. Sisi ni Waislamu, alhamdulillahi, na hatulioni jina hilo kuwa aibu. Ila wasomi wa fani hiyo wenyewe wanalihangaikia. Sheila Blair na Jonathan Bloom waliandika makala ndefu mwaka 2003 wakionyesha ugumu wa kulifunga jina moja juu ya nchi nyingi na karne nyingi. Makumbusho ya Metropolitan ya New York yalipofungua upya kumbi zake za sanaa hiyo mwaka 2011, yalizipa jina la nchi na maeneo: nchi za Kiarabu, Uturuki, Irani, Asia ya Kati na Asia ya Kusini ya baadaye. Jina refu, gumu kulikariri, na lisilo na Afrika Mashariki ndani yake. Hata walipofanya vizuri, hatukuonekana. Pwani wenzetu wamepita njia hii kwa muda mrefu: misikiti ya Waswahili iliitwa ya Kiarabu na ya Kishirazi mpaka machimbo ya Mark Horton kule Shanga, miaka ya 1980, yakaonyesha misikiti midogo ya miti na udongo chini ya ule wa mawe, mmoja juu ya mwingine. Wao walikuwa na mawe ya kuwatetea. Mikeka huoza, kwa hiyo kumbukumbu ya maandishi kwetu si anasa.

La makaburi tutalitaja kwa ufupi. Yale marundo ya mawe yaliyotapakaa kutoka huku mpaka Marsabit yaliandikwa na wakoloni kuwa makaburi ya Wagalla, na bado yanaandikwa hivyo. Waoromo walilikataa jina hilo zamani kama tusi, na waliojenga makaburi hayo wazee wetu huwaita Madanle, walewale wanaosemwa kuwa walichimba visima vya Wajir na El Wak. Mapokeo hayo nayo yana mashaka yake na yachunguzwe. Lakini mtaalamu anayekataa mapokeo ya wazee kwa kukosa ushahidi, kisha akabaki na jina la tusi lisilo na ushahidi wowote, ametuonyesha mizani yake.

Na hilo la "kuhamahama" lilivyogeuzwa kuwa mtindo? Kuhama ni kazi na ni akili ya kuishi na ukame. Umbo la kitu halijifungi kwa sababu ya kuhama tu. Ukiita nyumba ya mtu kuwa ya muda, unaweza kuivunja bila kumlipa, na unaweza kuiacha nje ya historia. Kambi za wakimbizi za Dadaab ziko ndani ya kaunti hii. Ifo ilianzishwa 1991, Dagahaley na Hagadera zikafuata mwaka uliofuata, na vitabu vya usanifu vikapita kando kwa kuwa ni makazi ya dharura. Watoto waliozaliwa humo wana watoto wao sasa. Ilibidi Anooradha Iyer Siddiqi, mwanahistoria wa usanifu, aandike kitabu kizima kilichochapwa na Chuo Kikuu cha Duke ili kusema kuwa kambi hizi zina usanifu, una historia, na waliosimika miti na kufunga maturubai ni wajenzi. Tunakitaja kwa sababu kinaonyesha kuwa jambo hili linawezekana: mtu alikuja Garissa, akauliza nani alijenga nini, lini, kwa mbao gani.

Haki inatutaka tuseme kuwa hatukukubaliana wote. Wapo kati yetu, tena wazee, waliosema lebo ya Kisomali isiguswe. Walipigwa kwa ajili ya jina hilo, walilificha wakati wa hatari, na sasa limo kwenye kioo cha makumbusho, mnataka kuliondoa? Hoja hiyo ilitunyamazisha. Wapo pia walimu waliokumbusha kuwa kitu kilichookotwa bila maelezo lazima kiwekwe mahali fulani, na kufananisha maumbo ndiyo njia pekee ya kukikaribia. Ni kweli. Hatusemi neno "mtindo" lizikwe. Tunachotaka ni kwamba anayelitumia atoe sababu: umbo gani, fundo gani, rangi gani, alilinganisha na nini, na nani alimwambia. Na jina la Kisomali libaki, likiwa jina la watu na lugha ya waliotengeneza na kutumia kitu, lisichukue kiti cha fundi wala cha kijiji.

Kwa hiyo tunadai yafuatayo.

Lebo ianze na jina la fundi. Kama halijulikani, iandikwe wazi kwamba fundi hajulikani, ili pengo lionekane na mtu aone aibu kuliacha. Kisha mahali, kwa jina la kijiji, kisima au malisho, hata kama ramani ya Nairobi haina. Kisha nyuzi, mti au ngozi iliyotumika, mwaka au muongo, na kazi ya kitu. Jina la kabila lije baada ya hayo, likiwa na maelezo ya aliyelitoa. Likitoka kwa fundi mwenyewe, semeni. Likitoka kwa afisa wa wilaya wa 1930 aliyekuwa akipita, semeni vilevile.

Kila taasisi iliyo na vitu vilivyoandikwa "Somalia" au "Somali" ipitie upya daftari zake za mapokezi, maana mara nyingi jina la kituo au la ofisa limo humo hata kama halimo kwenye lebo. Matokeo yatolewe hadharani, kwa Kiswahili na Kisomali. Vya Kismayu vibaki vya Kismayu, hatutaki cha mtu. Vya Garissa vijulikane kuwa vya Garissa. Majina ya zamani, likiwemo la Galla, yaondolewe kwenye maelezo ya wageni lakini yahifadhiwe kwenye kumbukumbu za ndani, kwa sababu mtafiti wa kesho atayahitaji ili afuatilie kitu kilipopita.

Kipimo cha "halisi" kikome. Uzi wa gunia ni tarehe. Anayeikataa herio kwa sababu ya uzi huo anakataa ushahidi wa mwaka ilipotengenezwa, ushahidi ambao angeulipia ghali kama ungekuwa kwenye chombo cha kale cha Wachina. Tunataka mikusanyo ya umma inunue pia kazi za miaka hii, zenye plastiki, waya wa shaba na vifuniko vya makopo ya mafuta, na bei izingatie kazi iliyofanyika badala ya ukale wa sura.

Vitabu vya shule vinavyopanga sanaa ya Kenya kwa makabila vipangwe upya, au angalau viwe na sura inayoeleza kwamba mpango huo unapingwa na kwa nini. Mtoto wa darasa la saba anaweza kuelewa. Tumejaribu.

Vyuo vikuu vinavyofundisha sanaa vitume wanafunzi huku kuandika majina ya mafundi walio hai, wakiongozwa na vijana wa hapa waliosoma katika Chuo Kikuu cha Garissa na kwingineko, na wanaohojiwa walipwe muda wao. Baadhi ya mama walioijua kazi ya mikeka ya kebed na ya vyombo vikubwa vya maji, haan, wana miaka zaidi ya 80. Hatutasema zaidi juu ya hilo.

Serikali za kaunti zetu tatu nazo hazitapona kwenye risala hii. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliziachia makumbusho na shughuli za utamaduni. Kifungu cha 11 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na kinalitaka Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe pale utamaduni wao unapotumiwa. Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na kazi za utamaduni ipo. Tunadai zifanye kazi: atakayepiga picha mishono yetu na kuichapa kwenye kitambaa au kalenda aje azungumze nasi kwanza. Na kila kaunti itenge chumba, hata kimoja, penye kivuli na pasipo na mchwa, ambapo vitu hivi vitakaa vikiwa na lebo za namna tuliyoieleza. Tuko tayari kuziandika wenyewe.

Tunaomba jibu la maandishi, na ofisi itakayojibu imtume mtu aje alisome kwa sauti, kwa Kiswahili, nasi tutatafuta wa kulitafsiri papo hapo. Lije kabla ya mvua fupi za Deyr. Zikishanyesha, nusu ya waliotia dole gumba hapa chini watakuwa wamefuata malisho, na itabidi mje kuwatafuta Lagdera.

Tunawasilisha kwa heshima.

Majina, sahihi na alama za dole gumba zimeambatishwa, kila moja ikiwa na mahali fundi anapotoka na kazi anayoifanya.